Gari la Kulala Namibia: Panga Ukiwa Bado Mwananyamala

Shule zikikaribia kufungwa mwezi wa Juni, vibaraza vya Mwananyamala hujaa mipango. Huyu Lushoto kwa shemeji, yule Zanzibar, mwingine Dubai kununua vitu aje auze arudishe nauli. Siku hizi kuna mpango mwingine unaonifikia mara kwa mara, hasa kutoka kwa familia changa zilizokwisha kuiona Mikumi na kuchoka na hoteli: kukodi gari lenye kitanda na jiko, kuzunguka nalo nchi ya mbali wiki mbili, mkilala mnapopenda na kupika mnachokula. Wakiniuliza waende wapi, siumizi kichwa. Nawaambia Namibia.

Ulaya kuna magari mazuri zaidi ya aina hiyo, sibishi. Lakini kwa Ulaya ya Schengen utaanza na miadi ya ubalozi, taarifa za benki na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000, halafu usubiri jibu. Namibia Mtanzania haombi viza kwa matembezi ya hadi siku 90. Wanaendesha kushoto kama sisi. Leseni yetu imeandikwa Kiingereza pia, kwa hiyo inasomeka, ingawa baadhi ya kampuni za magari hutaka na leseni ya kimataifa, tena hutaka dereva awe ametimiza miaka 21 au 23. Uliza kabla hujalipa. Na nchi ina nafasi. Sensa ya 2023 ilihesabu watu milioni 3 na ushee katika Namibia nzima, wakati sensa yetu ya 2022 ilikuta watu zaidi ya milioni 5.3 katika mkoa wa Dar es Salaam peke yake. Eneo lao ni kilomita za mraba 824,000 hivi, si dogo sana kuliko Tanzania. Wasiwasi wa mahali pa kuegesha unaouacha Kinondoni hutaukuta huko.

Mwenye Noah au Hiace yake lazima aulize: kwa nini nisiende na gari langu? Nimeona Hiace iliyokuwa daladala ikigeuzwa nyumba hapa hapa mtaani: viti vimeng'olewa, mchomeleaji kaweka fremu ya kitanda, fundi seremala kapiga plaiwudi, juu godoro la futi nne, na madirishani vitenge vimepitishwa kwenye waya. Kazi safi. Lakini tupige hesabu. Mwananyamala hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Nakonde hadi Lusaka ni kama 1,000. Lusaka hadi Livingstone 480 hivi. Kutoka hapo unakwenda Sesheke, unavuka daraja la Zambezi kuingia Katima Mulilo, kisha Rundu, kisha Windhoek. Jumla inakaribia kilomita 3,800, na hizo ni za kwenda tu. Zizidishe mara mbili na bado hujaanza kutalii. Mwenye likizo ya wiki tatu atazimaliza akiangalia migongo ya malori.

Halafu kuna makaratasi ya gari. Kadi iwe ya jina lako, na kama gari ni la kaka yako, uwe na barua ya ruhusa iliyothibitishwa na wakili. TRA wajue gari linatoka na litarudi. Bima ya COMESA, ile wanayoiita Yellow Card, inakufikisha Zambia, lakini Namibia haimo katika mpango huo. Zambia utalipia ushuru wa barabara na kodi ya moshi, utabandika viakisi vyeupe mbele na vyekundu nyuma, utabeba pembetatu mbili, na nyuma ya gari iwepo stika ya EAT inayotambulisha magari ya Tanzania bara. Atakayekueleza haya vizuri kuliko mimi ni dereva wa lori la transiti. Mtafute mmoja, mnunulie chai, umsikilize. Ushauri wangu kwa wenye gari lao: ishieni Livingstone, mwangalie maporomoko ya Mosi-oa-Tunya mwezi Juni maji yakiwa bado mengi (ikifika Oktoba upande wa Zambia hubaki mwamba mtupu), mle nsima kwa unga wa brekfasti, ambao kwetu ndio sembe, mrudi salama. Namibia mpande ndege kupitia Johannesburg, mkakodi gari kule kule.

Sasa gari lenyewe. Usiwaze basi kubwa lenye choo na sebule kama la kwenye filamu. Yapo machache, lakini kampuni nyingi haziyaruhusu kwenye changarawe, na Namibia bila changarawe utaona nusu yake. Gari la kule ni Toyota Hilux ya milango minne, yenye kuvuta matairi yote manne, na mahema mawili ya turubai yaliyokunjwa juu ya paa. Ukifika kambini unafungua kamba, unavuta ngazi ya alumini, hema linafunguka lenyewe na godoro liko tayari ndani. Nyuma kuna friji dogo linalotumia betri ya pili, mtungi wa gesi, sufuria, meza na viti vya kukunja. Watu wanne wanatosha. Tano ni kubanana, na sita ni magari mawili.

Ngazi hiyo ndiyo ya kufikiria kabla ya kitu kingine chochote. Ina vipago vyembamba, na imesimama karibu wima. Mchana watoto wataipanda na kushuka kama mchezo. Lakini mkimchukua mama mkwe mwenye magoti, saa 8 za usiku akitaka kwenda chooni atalazimika kujigeuza ndani ya hema, atoe mguu mmoja gizani akitafute kipago cha kwanza, baridi imekaribia nyuzi sifuri, na mkwewe wa kiume amelala hema la pili, sentimita chache pembeni. Hiyo si heshima wala si mapumziko. Mkitaka kwenda na mzee, kodini na hema la chini, la kusimamisha ardhini, au mlipie chumba chake katika kambi zenye vyumba, kama Okaukuejo na Halali ndani ya Etosha, ninyi mkalale juu ya gari. Jambo hili lizungumzwe nyumbani mapema, na azungumze anayestahili kuzungumza na mama. Lisisubiri uwanja wa ndege.

Na baridi msiichukulie mzaha. Sisi ni watu wa kuvaa sweta mvua ya masika ikinyesha siku mbili. Juni na Julai jangwani mchana ni mzuri, usiku unauma hasa. Aliyewahi kushuka basi Makambako alfajiri ya Julai anaijua baridi ninayoisema. Bebeni soksi nzito, kofia za sufu na suruali za kulalia, na muulize kampuni kama mablanketi ni ya kutosha au yapo ya kukodi. Nguo zikae kwenye mabegi laini ya kitambaa. Sanduku gumu la magurudumu halina pa kukaa katika Hilux yenye friji, jiko na watu wanne.

Mambo ya pesa yanahitaji miezi. Wengi tunachanga kupitia kikoba, na hilo ni sawa kwa nauli na kodi ya gari. Kizingiti kiko mahali pengine. Kampuni ya magari hushika dhamana kwenye kadi ya mkopo yenye jina la anayekodi, na kadi tulizo nazo wengi wetu ni za kutolea pesa zilizomo kwenye akaunti. Watu wamefika kaunta na fedha zote taslimu mfukoni wakanyimwa ufunguo. Kwa hiyo iandikie kampuni ukiwa huku: wanapokea kadi gani, dhamana ni kiasi gani, na itapungua kwa kiasi gani ukinunua bima kamili isiyo na fungu la kulipa mwenyewe? Jibu lao ulihifadhi kwa maandishi. Kisha nenda benki, uwaambie utasafiri nchi gani na tarehe zipi, wasije wakaifunga kadi wakidhani imeibwa. Bima hiyo kamili mimi naitetea hata ikionekana ghali, lakini soma kama inagusa matairi na kioo cha mbele, maana changarawe hula hivyo viwili kwanza, na ndivyo bima nyingi za kawaida huviacha nje. Taslimu beba randi. Dola ya Namibia ina thamani sawa na randi, na randi inapokelewa Namibia nzima. Kinyume chake usikitegemee, kwa hiyo dola za Namibia zimalize kabla ya kuondoka. Dukani Kariakoo hakuna atakayezitaka.

Watoto wana makaratasi yao. Pasi pekee haitoshi: beba cheti cha kuzaliwa cha RITA chenye majina ya wazazi wote wawili, na kama mzazi mmoja anabaki Dar, barua yake ya kukubali, iliyothibitishwa na wakili au hakimu. Maafisa wa Namibia na Botswana huvitaka hivi kwa sababu ya usafirishaji haramu wa watoto, na hawana muda wa kusikia kwamba baba yuko kazini. Wasio na cheti waanze kukitafuta leo, maana foleni ya RITA haijui tarehe ya ndege yako. Pasi iwe na zaidi ya miezi sita na kurasa tupu. Cheti cha homa ya manjano kama unacho kibebe. Tangu 2016 chanjo hiyo huhesabika ya maisha, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka 10. Dawa za presha au kisukari zikae kwenye makopo yake pamoja na maandishi ya daktari.

Nikija kwenye ratiba, ndipo ninapogombana na kila anayenionyesha mpango wake. Wote wanataka kuona kila kitu. Wanaweka kilomita 500 kwa siku, siku 12 mfululizo, eti barabara za Namibia ni nzuri. Nzuri ni kweli. Lami ni nyoofu, na sheria inaruhusu kilomita 120 kwa saa. Lakini sehemu kubwa ya nchi ni changarawe, na huko kampuni nyingi hukuwekea kikomo cha 80, wengine na kifaa cha kupiga kelele ukizidisha. Wana sababu. Ajali ya mtalii Namibia mara nyingi haihusishi gari la pili: mtu peke yake, barabara tupu, tairi la kushoto linapanda tuta la kokoto laini, anakata usukani kwa nguvu, gari lenye mahema mawili juu ya paa linapinduka. Gari refu la juu halitaki ujanja. Ukiona linateleza, achia mafuta taratibu, usukani uwe mwepesi, breki usizikanyage. Na kabla ya kuacha lami shuka upunguze upepo, psi 26 hadi 29 hivi kulingana na watakavyokuelekeza, matairi yatulie kwenye rasta; ukirudi lami ujaze tena. Spea ziwe mbili. Na mjaribu kulibadilisha moja palepale uani kwa kampuni, jeki ya kwao ikiwa mkononi mwenu, kabla ya kutoka getini.

Kinachopanga siku yenu kule ni jua. Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Juni jua huchomoza kama saa 1 na nusu asubuhi na kuzama saa 12 na dakika chache jioni. Usiku huendeshi, mikataba mingi inakataza nje ya mji, na hata isingekataza, tandala huruka barabarani machweo, mnyama mrefu kama farasi, miguu ikapita na kiwiliwili kikaingia kwenye kioo. Sasa hesabu: mmeamka kumekucha, chai, vyombo, hema limekunjwa kwa kubishana, imeshafika saa 3. Mnataka kufika kambini saa 10 ili moto uwake mkiona. Zimebaki saa saba, ndani yake chakula, mafuta, picha na mtoto anayetaka kukojoa. Kwenye changarawe wastani ni kilomita 60 kwa saa. Windhoek hadi Sesriem, kilomita 350 hivi, hiyo ni siku nzima. Kwa hiyo mimi hupanga kwa usiku: kila mahali pa maana lala mara mbili, na siku moja kati ya hizo gari lisiende mbali.

Kwa usiku 12 ningeweka Windhoek mmoja, wa kununua vyakula na kulizoea gari. Sesriem miwili: chukueni kambi iliyo ndani ya hifadhi, kwa sababu waliolala ndani hufunguliwa geti la pili saa nzima kabla ya jua, wakafika kwenye vilima vya mchanga vya Sossusvlei wakati wa nje bado wako foleni. Kilomita tano za mwisho ni mchanga mtupu. Asiyejua kuendesha kwenye mchanga apande gari la hifadhi, asione haya. Swakopmund miwili, pwani, mwanga wa bahari ya Atlantiki na ukungu wake. Spitzkoppe mmoja, kambi isiyo na umeme chini ya majabali ya matale, na nyota zake. Etosha minne, msipunguze hata mmoja, kwa kuwa Okaukuejo pana bwawa lenye taa ambapo tembo na faru weusi huja kunywa usiku nanyi mmekaa kwenye benchi na kikombe cha chai. Malango ya Etosha hufuata jua, kuchomoza na kuzama. Usiku miwili iliyobaki ni ya kurudi polepole na ya dharura. Kambi za Etosha na Sesriem ziko chini ya shirika la serikali la NWR, na kuanzia Julai hadi Oktoba hujaa. Juni ni rahisi kidogo na kodi za magari huwa nafuu, lakini wekeni nafasi miezi sita kabla hata hivyo. Mafuta mjaze kila mnapokuta pampu, hata kama tanki lina nusu.

Jikoni hamtateseka. Unga wa mahindi upo kila duka, nao wanapika ugali wao. Kaskazini hula wa uwele, wao huuita mahangu, mzito na mtamu kwa maziwa mgando. Mchele, maharage, tui la kopo, samaki wa kopo vyote vipo Windhoek. Kutoka nyumbani bebeni viungo vya pilau vilivyofungwa vizuri na majani ya chai, nyama msibebe kabisa. Na huko huko kuna uzio mrefu wa mifugo unaokata kaskazini ya nchi, uliowekwa kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo. Nyama mbichi haivuki kwenda kusini, na vizuizini hukagua hadi ndani ya friji. Kama mnapitia huko, nyama ichomwe iishe kabla ya kizuizi. Anayeswali ajue kwamba kibla cha Dar, kilicho karibu kaskazini moja kwa moja, hakimfai Windhoek; huko kinaegemea mashariki kwa digrii kama 28.

Nitaongeza jambo ambalo vitabu vya watalii wa Kizungu haviwezi kukuambia. Mtanzania akijitambulisha kwa mzee wa Kinamibia, mazungumzo hubadilika. SWAPO, harakati yao ya ukombozi iliyoundwa 1960, ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, kiongozi wake Sam Nujoma mwenyewe akiishi hapa, na wapiganaji wake walipewa kambi Kongwa, Dodoma, kuanzia 1964, miaka 26 kabla ya uhuru wao wa Machi 21, 1990. Waulizeni, mtapata hadithi. Na mkiwa Swakopmund, mji wa majumba ya Kijerumani na keki, tembeeni hadi makaburini pembeni ya mji, kwenye vilundo vya mchanga visivyo na majina. Wamo Waherero na Wanama waliofia mikononi mwa Wajerumani kati ya 1904 na 1908. Serikali ile ile ndiyo iliyokuwa ikizima Maji Maji huku kwetu.

Kabla ya kulipa chochote, fanyeni majaribio. Azimeni mahema mawili, mwende na familia yote mnayokusudia kusafiri nayo hadi kambi ya pwani Kigamboni, Ijumaa hadi Jumapili, bila kununua chakula cha kupikwa. Mtajua nani hukoroma, nani hawezi kulala bila feni, na nani kazi yake ni kukaa tu wenzake wakiosha vyombo. Gawaneni kazi palepale: mmoja hema, mmoja jiko, mmoja maji na taka, na dereva asipewe kazi ya kupika. Kama wikiendi hiyo imewashinda, mmepoteza mafuta ya kwenda Kigamboni tu.

Siku ya kurudisha gari, lioshwe, tanki lijae, na risiti ya mafuta uitunze. Siku ya kulichukua ulipiga picha kila mkwaruzo, matairi yote na kioo, ukiwa na mfanyakazi wao pembeni; sasa zifungue simuni mlinganishe. Omba karatasi iliyosainiwa kwamba gari limepokelewa bila deni. Dhamana haiachiwi siku hiyo hiyo. Huchukua siku kadhaa, wakati mwingine wiki, kurudi kwenye kadi, kwa hiyo usipange kulipia ada za shule kwa fedha hizo, na karatasi zote zikae kwenye bahasha moja mpaka taarifa ya benki ionyeshe zimeingia.